Gawio moja, wanunuzi watatu

Ujumbe unaingia kwenye simu: umepokea shilingi 259.35. Mwenye simu, tuseme ni fundi cherehani wa Kisauni, Mombasa, anautupia jicho, anacheka kidogo, kisha anarudi kupima kiuno cha mteja. Hizo ni fedha za gawio, yaani fungu la faida ambalo kampuni huwagawia wenye hisa. Ni gawio la mwisho, fungu la pili la gawio la mwaka, la kampuni ya simu ya Safaricom kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025: senti 65 mara hisa 420, ukitoa kodi ya asilimia 5. Hisa zenyewe alizipata 2008, serikali ya Kenya ilipouza robo ya kampuni hiyo, hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 kila moja. Aliomba 2,000. Waombaji walikuwa wengi mno kuliko hisa, naye akaambulia hizo 420.

Je, hisa hizo zimemlipa? Ukimuuliza jirani atakuambia, "Shilingi 259 kwa miaka yote hiyo? Afadhali angefuga kuku." Ukimuuliza kijana wa kwa dalali wa hisa atakuonyesha bei hadi katikati ya 2025: 5 imekuwa 25, yaani mara 5. Wote wawili wameshika kipande cha hesabu. Jirani anaangalia gawio akasahau bei, na kijana anaangalia bei akasahau gawio. Hisa ya gawio inapimwa kwa vyote viwili pamoja, halafu mtu anauliza vililetwa na nini na vitaendelea kwa muda gani. Hapo ndipo watu wengi hupotea, wakiwemo wenye digrii za uhasibu.

Tuanze na gawio lenyewe, maana linapotosha kwa utamu wake. Kampuni ikitangaza gawio hutaja pia tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Aliye daftarini siku hiyo analipwa, anayeingia baadaye halipwi. Kila mwaka utasikia mtu akisema atanunua siku chache kabla ya daftari kufungwa, achukue gawio, kisha auze. Hesabu hiyo haina faida iliyojificha. Fedha ikitoka kwenye kampuni, kampuni imepungukiwa kiasi hicho, na kwa kawaida bei ya hisa nayo hushuka kwa kiasi kinachokaribia hicho daftari likishafungwa. Umehamisha fedha kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, ukalipa kodi njiani, na dalali akachukua chake wakati wa kununua na wakati wa kuuza. Gawio ni sehemu ya mali yako iliyobadilishwa umbo ikawa fedha mkononi. Utajiri unatoka kwenye faida ambayo kampuni inaitengeneza mwaka baada ya mwaka, iwe imeigawa au imeibakiza.

Sasa turudi kwa fundi wetu, tumwekee wenzake wawili kando.

Yeye alilipa shilingi 2,100. Nimejumlisha magawio yote yaliyotangazwa tangu hapo, kuanzia senti 10 kwa mwaka wa fedha wa 2009 hadi shilingi 1.20 kwa ule wa 2025, yakiwemo mawili ya ziada yaliyotolewa mara moja tu. Jumla inapita kidogo shilingi 15 kwa hisa. Kwa hisa 420 hiyo ni zaidi ya shilingi 6,300 kabla ya kodi. Hisa zenyewe, kwa bei ya karibu 25 mwishoni mwa Juni 2025, zina thamani ya 10,500. Kwa hiyo 2,100 imezaa karibu 17,000 katika miaka 17.

Kwa bei peke yake, hisa imekua kwa wastani wa karibu asilimia 10 kwa mwaka. Ukiingiza magawio kila moja kwa mwaka wake, inafika karibu asilimia 16. Mtu anaweza kuona tofauti ya 6 ni ndogo. Elfu moja inayokua kwa asilimia 10 kwa miaka 17 inafika kama elfu 5. Ikikua kwa asilimia 16 inapita elfu 12. Ila hiyo elfu 12 anaipata yule tu aliyerudisha kila gawio kazini kwa kiwango hichohicho. Fundi wetu alinunua vocha na unga, na hana kosa. Ila akisoma mahali kwamba hisa fulani "imeleta asilimia 16 kwa mwaka", ajue kwamba ndani ya namba hiyo hakuna unga.

Kitu kingine kisichoonekana ndani ya wastani ni miaka ya mwanzo. Bei ilishuka ikaenda hadi chini ya shilingi 3, na hadi mwanzoni mwa 2013 ndipo ilipoanza tena kukaa juu ya 5. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo karibu mitano mtu alikuwa amekaa kwenye hasara, anapokea kama senti 20 kwa hisa kwa mwaka. Kuna waliokopa benki kununua hisa zile. Wengi wao hawakuwa na subira ya miaka mitano kwa sababu mkopo hauna subira, na waliouza kwa shilingi 3 hawamo kabisa katika hadithi ya asilimia 16. Mimi huona hii ndiyo maana halisi ya hatari kwa mtu wa kawaida: kulazimika kuuza siku ambayo bei imelala.

Mnunuzi wa pili ni mwalimu wa Nakuru. Aliingia Agosti 2021, wakati kila mtu alikuwa akiisifu kampuni hiyo na leseni yake mpya ya Ethiopia. Alinunua hisa 1,000 kwa shilingi 42. Gawio la mwaka uliokuwa umeisha lilikuwa 1.37, yaani asilimia 3.3 ya bei aliyolipa. Tangu hapo hadi Juni 2025 alitangaziwa 1.39, kisha 1.20 mara tatu: jumla shilingi 4,990. Hisa zake kwa bei ya 25 ni 25,000. Alitoa 42,000, anahesabu 29,990. Kampuni haikufa, gawio halikukatika hata mwaka mmoja, na bado mwalimu amepoteza zaidi ya robo ya fedha yake kabla hata ya kutaja mfumuko wa bei.

Wa tatu ni muuza spea aliyenunua 1,000 kwa shilingi 14 mwishoni mwa 2023. Alitoa 14,000, ametangaziwa gawio la 2,400, na hisa zina thamani ya 25,000. Katika mwaka mmoja na nusu fedha yake karibu imekuwa mara mbili. Usimpigie makofi haraka. Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu, yaani hati ya kuikopesha serikali, yenye riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Mbele ya hiyo, hisa inayotoa gawio la asilimia 8.6, tena lisilo na mkataba wowote, ilionekana biashara ya mtu asiyejua hesabu. Matokeo mazuri hayathibitishi kwamba uamuzi ulikuwa mzuri, kama ambavyo hasara ya mwalimu haithibitishi kwamba yeye ni mjinga.

Gawio la wote watatu kwa mwaka wa fedha wa 2025 ni lilelile, 1.20. Kwa bei ya 5 ni asilimia 24, kwa 42 ni asilimia 2.9, kwa 14 ni asilimia 8.6. Bei ya kuingilia imefanya kazi kubwa kuliko kampuni yenyewe.

Hapa niweke angalizo moja linalowaudhi wenye hisa za zamani. Ile asilimia 24 ya fundi inapendeza kutajwa kwenye kahawa, lakini haimsaidii kuamua chochote leo. Kwa bei ya Juni 2025 mali yake haikuwa shilingi 2,100, ilikuwa 10,500, na hiyo 10,500 ilimpa 504 kwa mwaka, asilimia 4.8. Akitaka kujua kama abaki au auze, ashindanishe 4.8 na kile ambacho 10,500 ingempa kwingine. Bei ya 2008 imeshazikwa.

Basi tushindanishe. Katikati ya 2025 hati za hazina za Kenya za siku 364, yaani mkopo wa mwaka mmoja kwa serikali, zilikuwa zinatoa karibu asilimia 10. Riba yake hukatwa kodi ya asilimia 15, inabaki kama 8.5. Gawio la 4.8 likikatwa asilimia 5 linabaki kama 4.6. Pengo ni karibu asilimia 4 kwa mwaka. Anayenunua hisa kwa 25 anasema, hata kama hajui anasema hivyo, kwamba anatarajia bei au gawio likue kwa asilimia 4 kila mwaka ili atoke sare na mtu aliyelala usingizi na hati za serikali. Akitaka kulipwa kwa usumbufu wa kuona bei ikipanda na kushuka, aongeze nyingine 3 au 4 juu yake.

Kanuni ya haraka ninayoitumia ndiyo hiyo: asilimia ya gawio kwa bei ya leo, jumlisha kasi ambayo gawio linaweza kukua. Kipande cha kwanza unakisoma gazetini. Cha pili ndicho kazi. Kwa Safaricom, gawio la mwaka wa fedha wa 2020 lilikuwa 1.40, na la 2025 ni 1.20. Katika miaka hiyo bei za sokoni Kenya zilipanda kwa karibu theluthi moja. Gawio lililoitwa "thabiti" lilikuwa linapungua kimyakimya kila mtu alipoenda kununua mafuta ya kupikia. Anayetarajia ukuaji kuanzia hapa ana haki ya kutarajia, ila aeleze utatoka wapi: M-Pesa ya nyumbani, Ethiopia kuacha kula fedha, au kitu gani.

Swali hilo linatupeleka kwenye vitabu vya kampuni, na ninaomba tukae hapa kidogo. Kitu cha kwanza cha kutafuta ni sehemu ya faida inayogawiwa. Chukua faida kwa kila hisa, weka gawio chini yake, utazame nafasi iliyobaki. Inaonekana rahisi, lakini mwaka wa fedha wa 2024 wa Safaricom ni mtego mzuri wa kujifunzia. Faida ya kundi zima baada ya kodi ilikuwa karibu bilioni 43. Gawio, 1.20 mara hisa bilioni 40 na ushei, lilikuwa bilioni 48. Mtu akisoma hivyo atapiga kelele kwamba kampuni inagawa kisichokuwepo. Lakini hasara ya Ethiopia haikuwa ya wanahisa wa Safaricom peke yao, kwani biashara ile ina wabia wengine wanaobeba fungu lao. Faida iliyowahusu wenye hisa za Safaricom ilikuwa karibu bilioni 63. Ukiipima kwa hiyo, gawio lilikuwa kama robo tatu ya faida, ndani kidogo ya desturi yao ya kugawa asilimia 80. Namba moja imesema hatari, nyingine imesema salama, na zote zimo kwenye ripoti ileile. Kwa maoni yangu ukweli uko katikati: faida ni ya wanahisa kweli, lakini fedha ya kujenga minara Addis Ababa lazima itoke mahali, na kampuni inayogawa nyingi huku inajenga huishia kukopa.

Linganisha na BAT Kenya, kampuni ya sigara, kipenzi cha wapenda gawio. Ina hisa milioni 100, hivyo hesabu zake ni za mtoto wa darasa la tano. Kwa mwaka 2024 ilipata faida ya karibu bilioni 4.5, sawa na shilingi 45 kwa hisa, ikagawa shilingi 50. Hapo hakuna wabia wa kuelezea tofauti. Kampuni imegawa zaidi ya ilichopata, jambo linalowezekana mwaka mmoja au miwili kama kuna akiba. Bei ilipokuwa chini ya 400, katikati ya 2025, shilingi 50 iling'aa: zaidi ya asilimia 12. Sasa mtafute aliyenunua hisa hiyo mwishoni mwa 2016 kwa karibu 900. Hadi gawio la 2024 amepokea kama 390 kwa hisa, na hisa yenyewe katikati ya 2025 ilikuwa chini ya 400. Miaka minane ya gawio nono, na ukijumlisha vyote alikuwa bado hajafikia fedha aliyotoa. Asilimia ya gawio ilikuwa inapanda kwa sababu kilicho chini ya mstari, yaani bei, kilikuwa kinaporomoka. Wavuvi wana chambo, na soko nalo lina asilimia kubwa ya gawio.

Upande wa pili kabisa iko benki ya CRDB ya Tanzania. Mwaka 2015 iliwauzia wanahisa wake hisa zaidi kwa shilingi 350 za Tanzania. Gawio la mwaka huo lilikuwa 17. Kisha mikopo mibovu ikaikaba sekta nzima ya benki, faida ya 2017 ikashuka hadi karibu bilioni 36, gawio likawa shilingi 5, na kufikia 2019 hisa ilikuwa inauzwa chini ya 100. Aliyekuwa anatafuta gawio pekee alishaondoka kwa hasira. Kwa mwaka 2024 benki hiyohiyo ilipata faida ya bilioni 551 na kugawa shilingi 65 kwa hisa. Hiyo 65 ni chini ya theluthi moja ya faida kwa hisa, iliyobaki ikarudi kwenye mtaji. Aliyenunua kwa 95 alitangaziwa kwa mwaka huo mmoja zaidi ya theluthi mbili ya fedha aliyotoa. Lakini kuna wakati gawio la chini lilikuwa dalili ya ugonjwa (5 ya 2017), na wakati ambapo kugawa theluthi tu ni dalili ya afya. Namba yenyewe haikuambii ni ipi. Lazima usome mikopo chechefu, ile mibovu, ni asilimia ngapi, na kama inapungua.

Hatari nyingine hazimo kwenye hesabu za mapato. Gawio ni uamuzi wa bodi, na linaweza kuondolewa hata likishapendekezwa. Mei 2020, Korona ilipoingia, benki ya Equity Group ililiondoa gawio la 2.50 iliyokuwa imelipendekeza kwa mwaka 2019. Benki ya KCB haikugawa chochote kwa mwaka 2023 ingawa ilipata faida ya mabilioni. Huwezi kwenda mahakamani. Mwenye hatifungani ana tarehe na kiasi, lakini mwenye hisa ana matumaini na haki ya kupiga kura mkutanoni. Anayepanga kulipa karo kwa gawio la kampuni moja amejenga nyumba kwenye nguzo moja.

Serikali nayo ina mkono mrefu. Machi 2020 miamala ya M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000 ilifanywa bure kwa ajili ya Korona, na mwaka 2023 ushuru wa ada za kutuma fedha kwa simu ulipandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15. Kampuni ikiwa kubwa na inapendwa, inakuwa pia mahali pa kwanza ambapo hazina hutafuta fedha.

Kwa walioko Muscat, Minneapolis au hata Dar es Salaam wanaonunua hisa za Nairobi, kuna sarafu. Dola moja ilikuwa karibu shilingi 109 za Kenya mwalimu wetu aliponunua, ikafika karibu 160 Januari 2024, kisha ikarudi 129. Kama mwalimu angekuwa na shemeji Marekani aliyenunua siku ileile, hisa ambayo hadi Juni 2025 kwa shilingi ilishuka kwa asilimia 40, kwa dola ilishuka nusu. Kodi ya gawio kwa asiye mkazi, asiye raia wa Afrika Mashariki, ni asilimia 15 badala ya 5.

Halafu kuna kutoka. Hisa za Safaricom utauza siku yoyote soko likiwa wazi. Ila Dar es Salaam na hata Nairobi zipo kampuni zinazotoa gawio zuri ambazo hisa zake hupita wiki bila kuuzwa kwa wingi. Bei unayoiona kwenye orodha ni ya mtu wa mwisho aliyefanikiwa kuuza, pengine hisa 50. Ukipeleka 20,000 kwa siku moja kwa sababu mtoto yuko hospitali, bei hiyo hutaipata.

Na kwa hisa ya muda mrefu kuna jambo la nyumbani kabisa. Miaka 17 laini ya simu inabadilishwa, akaunti ya benki inafungwa, mtu anahama Kisauni anarudi Kilifi, mwingine anafariki na mke hajui kama kulikuwa na hisa. Kenya gawio lisilodaiwa, na mwishowe hisa zenyewe, hupelekwa kwenye Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa. Mali hiyo haipotei, mwenyewe au warithi wanaweza kuidai, ila ni kwa fomu, vyeti vya kifo, barua ya chifu na safari. Fundi wetu, kabla hajarudi kwenye cherehani, amefungua daftari lake la vipimo, na ukurasa wa nyuma ameandika namba ya akaunti yake ya CDS, ile inayotunza hisa, jina la dalali, na "hisa 420". Juu yake kuna vipimo vya buibui la mteja.